Mambo ya Kuzingatia Kabla ya Mtihani wa Kidato cha Nne

Muhula wa tatu unapoanza mwezi wa Septemba, mtahiniwa wa kidato cha nne hapa Uganda huwa amebakiwa na wiki chache kabla ya mtihani wa UCE, yaani mtihani wa taifa wa kumaliza kidato cha nne, ambao kwa kawaida hufanyika Oktoba na Novemba. Katika wiki hizo wengi husoma mno na kujiandaa kidogo, kwa kuwa kujiandaa kunahitaji kwanza kujua unakwenda kuulizwa nini na kwa namna gani.

Mtaala mpya wa sekondari ya chini ulianza mwaka 2020, na watahiniwa wake wa kwanza waliukalia mtihani mwaka 2024. Chini ya mtaala huo, asilimia 20 ya alama hutokana na tathmini endelevu inayofanyika shuleni, na asilimia 80 hutokana na mtihani wenyewe. Kwa hiyo jambo la kwanza ni kumwendea mwalimu wa kila somo mapema, kwa adabu, na kumuuliza kama kazi zako zote zimerekodiwa, kwani pengo linalogunduliwa Septemba huenda bado likazibika, ilhali linalogunduliwa wiki ya mtihani huwa halina dawa. La pili ni kuzoea maswali ya hali halisi. Mtihani wa siku hizi hauridhiki na mwanafunzi anayetaja sababu tano za mmomonyoko wa udongo. Unaweza kumweleza habari za wakulima walioko kwenye miteremko ya Mlima Elgon, ambao mvua imeyachukua mashamba yao, kisha ukamtaka awashauri la kufanya na atoe sababu. Aliyekariri orodha peke yake hujikuta anaijua mada lakini hajui aanzie wapi, na hapo ndipo kalamu inapoanza kutetemeka.

Mtahiniwa huwa na masomo manane au tisa, na saba kati yake ni ya lazima, ikiwemo Hisabati, Kiingereza na sayansi zote tatu. Ratiba inayoyagawia masomo hayo muda sawa inapendeza ukutani, ila ni ratiba mbaya. Chukua karatasi zako za moko, yaani mtihani wa majaribio, utazame ni wapi alama zilipotea, kisha mada hizo ndizo zipewe saa za asubuhi au saa zozote ambazo akili yako bado ina nguvu. Somo unalolipenda litajitafutia nafasi lenyewe.

Mwaka jana nilipita darasani wakati wa prepu, yaani saa za kujisomea shuleni, nikamkuta kijana ameinamia daftari la Biolojia ambalo kila ukurasa umepigwa mistari ya rangi tatu. Nilimwomba alifunge, achukue karatasi tupu, na aandike kila anachokijua kuhusu usanisinuru. Aliandika mistari minne, akasimama, akanitazama kama mtu aliyeibiwa. Hakuwa mvivu, alikuwa ameisoma mada hiyo mara sita. Kusoma tena na tena hukufanya uyazoee maneno kwa macho, na mazoea hayo hufanana sana na kujua. Watafiti wawili wa saikolojia nchini Marekani, Roediger na Karpicke, walilionyesha jambo hili mwaka 2006: wanafunzi waliorudia kusoma matini walikumbuka zaidi baada ya dakika tano, lakini wiki moja baadaye wale waliofunga matini na kujaribu kuikumbuka ndio waliokuwa mbele, kwa wastani wa asilimia 56 dhidi ya 42. Basi funga daftari, andika, fungua, sahihisha kwa kalamu nyekundu, na urudie mada ileile baada ya siku mbili au tatu. Kazi hii inachosha kuliko kusoma, na kwa kweli uchovu huo ni dalili kwamba inafanya kazi. Angalau mara moja kwa wiki fanya mtihani mzima uliopita, kwa saa ileile iliyopangwa, bila simu na bila kuchungulia majibu.

Usingizi wanafunzi wetu huuona kama anasa. Kijana wa umri huo anahitaji saa nane hadi kumi kwa usiku, na ubongo huyapanga na kuyaimarisha yaliyosomwa mchana wakati mwili umelala, kwa hiyo anayekesha na chupa ya kahawa hadi alfajiri anafukuza mlangoni kile alichokuwa anakikusanya. Lala ndani ya chandarua pia, hata kama joto linakera. Msimu wa mitihani huangukia kwenye mvua za mwisho wa mwaka, mbu ni wengi, na malaria haijui kwamba Jumatatu kuna Kemia.

Wasiwasi wenyewe si ugonjwa. Moyo kwenda mbio, viganja kutoka jasho na tumbo kuvurugika ni mwili unaojiweka tayari, na kuvuta pumzi polepole kisha kuitoa kwa muda mrefu zaidi ya ulivyoivuta, mara tano au sita, huutuliza. Lifanyie mazoezi hilo nyumbani, usingoje kulijaribu mbele ya msimamizi. Hata hivyo kuna wasiwasi ambao pumzi haiwezi kuuondoa: ada ambayo haijamalizika, mwanafunzi anayerudishwa nyumbani katikati ya muhula, baba anayemtaja binamu aliyefaulu kila wakati wa chakula. Hayo si ya kuachiwa mtoto ayabebe. Mzazi aliye na deni na aende shuleni mwenyewe akazungumze, na mtoto wa kutwa apunguziwe zamu ya dukani na safari za kuchota maji kwa wiki hizo chache. Mtoto asiyelala, asiyekula, au anayesema kwamba maisha hayana maana anahitaji mtu mzima wa kuongea naye siku hiyohiyo. Mtu mzima huyo akikosekana nyumbani na shuleni, namba 116 ya Sauti, huduma ya kitaifa ya kuwasaidia watoto, hupigwa bila malipo.

Wapo pia wauzaji wa karatasi zinazodaiwa kuvuja, ambao hujitokeza kila mwaka kama kumbikumbi baada ya mvua. Nyingi ni za uongo, na iliyo ya kweli inaweza kuifanya shule nzima izuiliwe matokeo.

Siku moja kabla, andaa kalamu zaidi ya mbili, penseli, rula, mkebe wa hisabati na kikokotoo ambacho umekijaribu siku hiyo, si mwezi uliopita. Nakili ratiba kwa mkono wako, na saa uziandike kwa namna mbili. Ratiba huandikwa kwa Kiingereza, nasi nyumbani tunahesabu saa kwa Kiswahili; namjua binti aliyenakili tarakimu 2 tu, mjomba wake akamwambia mwenye bodaboda kwamba ni saa mbili, basi akafikishwa asubuhi na kukaa chini ya mwembe akiungoja mtihani wa saa nane mchana. Alikuwa na bahati kwamba kosa lilielekea upande huo. Alipoingia chumbani alikuwa na njaa, hana hata maji, na nusu saa ya kwanza, alivyonieleza baadaye, aliisoma karatasi bila kuiona. Tangu hapo darasa langu lote huandika "saa nane mchana" kwa herufi, na mimi huzipitia ratiba zao moja moja kabla hawajaondoka.