Shira ya ulanzi: tunavyoipika nyumbani, ndugu na majirani

Kamwene ndugu zangu. Mwaka juzi binamu yangu anayeishi Canada alikuja likizo akatuletea kichupa cha shira ya mti unaitwa mepo, tukamiminia kwenye chapati za maji, watoto wakalamba mpaka sahani. Nikamuuliza inatengenezwaje, akasema wanatoboa shina la mti mwisho wa majira ya baridi, kipindi usiku kuna barafu na mchana jua linayeyusha, maji matamu yanadondoka kwenye ndoo wanayachemsha siku nzima mpaka yawe mazito, basi, hakiongezwi kitu. Mjomba alikuwa amekaa pembeni akasema sasa hiyo si ndo kugema, tofauti yetu sisi tunauacha unachachuka. Nilikaa na hilo neno siku nyingi kwa kweli, maana Iringa na Njombe tuna maji matamu yanadondoka kwenye mianzi masika yote na tunayajua kama pombe ya ulanzi tu.

Basi tukaanza kujaribu. Hii ndo njia tuliyofikia.

Kwanza kabisa ujue unahitaji mtogwa, yaani ulanzi mbichi mtamu ambao haujakaa. Mkangafu, yaani ulanzi uliokwisha kuchachuka, hauwezi kuwa shira hata uuchemshe wiki nzima, sukari imeshaliwa na kilichobaki ni ukali, ukipika unapata kitu kichungu chenye asidi. Na mtogwa haukai jamani, unaanza kuchachuka ukiwa bado unadondoka ndani ya mbeta, kile kipande cha mwanzi tunachokingia, kwa sababu mbeta yenyewe ina hamira ya jana na juzi imeganda humo. Kwa hiyo kazi ya shira inaanza siku moja kabla, jioni. Chukua mbeta zako, sugua ndani, suuza kwa maji yanayochemka mara mbili, geuza zikauke, halafu mgemaji akishaparua ncha ya chipukizi la mwanzi ile jioni azifunge hizo safi. Usiku huku kwetu ni baridi, baridi inachelewesha kuchachuka, kwa hiyo unaodondoka usiku na kukusanywa alfajiri ndo wa kupika, ule wa mchana waachie wazee wanywe. Usipofanya hivi usiendelee kusoma, mengine yote hayatakusaidia.

Onja kila mbeta kabla hujamimina kwenye ndoo. Ukisikia unachoma ulimi kidogo au una vipovu, weka pembeni, mbeta moja iliyochachuka inaharibu ndoo nzima. Kama unanunua, nunua kwa mtu mnayejuana maana yule mgema wa methali anayetia maji yupo kweli, na kwenye shira atajulikana tu, utachoma kuni mpaka jioni upate kikombe.

Hesabu sasa. Kule kwa mepo binamu anasema kama lita 40 zinatoa lita moja. Ulanzi mbichi una sukari nyingi zaidi ya maji ya mepo, kwa hiyo ndoo ya lita 20 sisi tunapata lita moja na kitu hivi. Bado ni maji mengi sana ya kufukuza, ndo maana hii si kazi ya mtu mmoja. Sisi tunakuwa kama watu nane, kina shemeji wanaleta kuni, dada anakaa na chujio, watoto wanafukuza nyuki, na unapiga stori mpaka mchana. Kuni nzuri ni miwati iliyokauka. Mabanzi ya msonobari yanawaka vizuri lakini yana moshi wa utomvu na shira inashika harufu, kama huna lingine basi funika upande unaotoka moshi.

Chuja kwa kitambaa safi, maana wadudu huwa wanaingia, halafu weka kwenye sufuria pana, pana kabisa, ile ya pilau la msiba. Upana ndo unaotoa mvuke, sufuria ndefu nyembamba itawakesha. Pikia nje. Usijaze mpaka juu, povu lake linapanda ghafla, likipanda dondoshea tone moja la mafuta ya kula linashuka lenyewe, na lile povu chafu la mwanzo engua utupe. Uliobaki kwenye ndoo uchemshe haraka kwenye sufuria nyingine ili usichachuke ukisubiri zamu, halafu unaongezea kidogokidogo ukiwa wa moto kadiri sufuria kubwa inavyopungua. Moto mkali, usikatike. Kwa moto wetu ndoo moja inachukua masaa manne mpaka matano.

Ikibaki kama lita mbili na rangi imekuwa ya chai ya rangi, hamishia sufuria ndogo, punguza moto, na kuanzia hapo mtu mmoja asiondoke. Mara ya kwanza sisi tuliondoka wote kwenda kula, tuliporudi ilikuwa imeungua nyeusi na kazi ya kutwa ikamwagwa, bibi aliumia sana kuona vile. Watoto nao wakae mbali, shira ya moto inang'ang'ania ngozi, haitoki kama maji.

Kujua imeiva, chota na mwiko uinue, mwanzoni inadondoka matonematone, ikiiva matone yanaungana kwenye ukingo na kushuka kama kipande cha kitambaa. Wenye kipimajoto sikilizeni hapa: maelekezo mengi ya ughaibuni yanasema nyuzi 104, msifuate. Iringa tuko zaidi ya mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, maji yetu yanachemka kwenye nyuzi 95 hivi na siyo 100, sasa ukiisubiri 104 utapata pipi. Chemsha maji matupu kwanza, soma namba, ongeza nyuzi 4, hapo ndo mwisho wako. Wa Mbeya na Njombe vilevile, kila mtu apime kwake.

Chuja tena ikiwa ya moto, mimina ingali moto kwenye chupa za kioo ulizochemsha, funga, laza chupa dakika chache ili moto ufike kwenye kifuniko. Ukishaifungua weka kwenye friji au mahali pa baridi uimalize mapema. Rangi ya kwetu inatoka nyeusi zaidi ya ile ya mepo na ina kauchachu kwa mbali, mimi naipenda zaidi kwenye uji wa ulezi na viazi vitamu vya kuchemsha, na bibi ambaye hanywi pombe kabisa sasa na yeye anakula ulanzi.

Sufuria msiioshe. Mimina maji, rudisha motoni, kwangua ule utamu ulioganda pembeni, tia majani ya chai ya Mufindi. Hiyo wanakunywa kwanza waliokaa na moto.