Kupitia orodha ya moduli za kerneli bila kuangusha mashine

Msimbo wako wa kerneli ya Linux (kiini cha mfumo huo) ukipitia orodha ya moduli, yaani vipande vya msimbo vinavyopakiwa ndani ya kerneli na kuondolewa, bila kinga, moduli inaweza kuondolewa ukiwa katikati, ukabaki umeshika anwani ya kumbukumbu iliyokwisha kuachiliwa. Anza na rcu_read_lock, kinga ya kusoma inayochelewesha kuachiliwa kwa kumbukumbu hadi umalize, pitia kwa list_for_each_entry_rcu, na ruka moduli yenye hali ya MODULE_STATE_UNFORMED, maana bado haijakamilika. Ndani ya kinga hiyo usiite kazi (function) yoyote inayoweza kulala, yaani kusimama ikisubiri. Unataka kuitumia moduli hata baada ya rcu_read_unlock, inayofunga kinga hiyo? Ishike kwa try_module_get ukiwa bado ndani, na tafadhali kagua jibu: ikikataa, iache. Ukimaliza, iachie kwa module_put; ukisahau, moduli hiyo haitaondoka kwa rmmod (amri ya kuondoa moduli) ya kawaida. Ukitaka majina ya moduli tu, kusoma faili ya /proc/modules kwatosha kabisa.