SOMO: Kumtambua Smeringopus wa darini kwako (soma kabla ya kunitumia picha)

Wiki hii peke yake nimetumiwa picha tisa za buibui wa miguu mirefu. Zote zimepigwa mgongoni, zote zina ukungu, na swali ni lile lile: "Mkuu, huyu ni nani?" Kwa picha ya hivyo simjui, na sitamjua kesho.

Smeringopus, mmoja wa buibui hao, ni jenasi (kundi la spishi ndugu) ya Afrika. Mwaka 2012 Bernhard Huber, mtaalamu wa familia ya buibui hawa, Pholcidae, kwenye jumba la makumbusho la Bonn, Ujerumani, aliipitia yote na spishi zikavuka 50, nyingi zikiwa za mashariki na kusini mwa bara. Ukielekea magharibi na kati unaanza kukutana na nduguye, Smeringopina. Spishi moja, S. pallidus, ilidandia mizigo ya binadamu na leo inaishi kwenye nyumba za nchi za joto dunia nzima. Wengine wengi hawana safari hizo. Sikiliza majina yao tu, ni ya mahali: bwindi, mgahinga, butare, turkana, katanga. Kwa hiyo unapomkuta ukutani, cha kujiuliza ni kama ni yule msafiri au ni mwenyeji wa mlima wako.

1. Weka ufagio chini.

2. Tafuta penye giza na utulivu: stoo, nyuma ya kabati, chini ya ngazi, choo cha shimo, pango, uvungu wa mizizi.

3. Mpulizie kidogo. Akijizungusha kwenye utando mpaka umbo lipotee machoni, uko kwenye familia sahihi, Pholcidae.

4. Mtazame tumbo kwa ubavu. Smeringopus ana tumbo refu la mviringo kama punje ya mchele wa basmati, na mabaka meusi yaliyopangana mawili mawili mgongoni. Tumbo likiwa limepinda juu na ncha kama nundu huko nyuma, huyo ni Crossopriza lyoni, naye amejaa majumbani. Akiwa mkubwa na tumbo kama gololi, ni Artema. Hapa ndipo nusu ya "Smeringopus" mnaonitumia huishia.

5. Picha tatu: ubavu, chini ya tumbo, uso. Ya mgongoni ukipenda, kwa kumbukumbu za familia.

6. Tafuta dume mzima. Vipapasi vyake vya mbele vimevimba kama glovu za bondia, na spishi husomwa humo, kwa hadubini. Kwa jike husomwa kwenye sahani ya uzazi, chini ya tumbo karibu na kiuno. Mtoto hasomeki, mwache akue.

7. Ukilazimika kumchukua, mfunike na kichupa na usimshike mguu, maana utabaki na mguu mkononi. Kichupa kimoja, buibui mmoja. Hawa hula buibui wenzao. Ndani ya hifadhi huchukui kitu bila kibali.

8. LEBO. Tulieni hapa. Kuna safari niliyofanya vijiji vya chini ya Uluguru, nikakusanya kwenye majiko na maghala ya wenyeji, nikarudi na vichupa kumi na viwili vya spiriti, buibui mmoja kila kimoja. Lebo niliziandika kwa kalamu ya wino, mwandiko safi kama wa cheti cha ndoa, nikazitumbukiza ndani. Baada ya wiki mbili nafungua boksi, spiriti imekuwa ya buluu na karatasi ni nyeupe pe. Namba nilizoandika nje kwa maka pen nazo zilifutika pale kichupa kimoja kilipovuja. Nikabaki na buibui kumi na wawili wasio na kwao, na wawili kati yao hadi leo nahisi hawakuwa pallidus. Kwa hiyo: PENSELI, karatasi ngumu, lebo NDANI ya kichupa, na uiandike pale pale ulipomkamata, usisubiri jioni gesti. Andika kijiji, wilaya, mkoa, vipimo vya GPS, mwinuko, tarehe, alikuwa wapi hasa (ukuta wa jiko, shina la mgomba) na nani kamchukua. "Morogoro" peke yake haitoshi. Morogoro ya stendi na Morogoro ya kilele cha Kimhandu, juu ya mita 2,600, ni dunia mbili.

MASWALI

chuma_chakavu: Mkuu nimesoma yote. Huyu ni nani? [picha]

Mwandishi: Umepiga mgongoni. Hatua ya 5.

chuma_chakavu: Si ungesema tu jina, mbona ukali?

Mwandishi: Nikisema jina bila kuona, mtu ataliweka kwenye ramani, na kulitoa huko ni kazi ya miaka. Mgeuze upande, piga tena, nitakujibu.

MamaPacha: Nimesikia ndiye mwenye sumu kali kuliko buibui wote, ila meno mafupi hayatoboi ngozi. Nina watoto wawili wanatambaa.

Mwandishi: Dada, hiyo ni hadithi ya mitandaoni, haina ushahidi. Hana madhara kwa wanao. Tena ukichunguza unaweza kumkuta jike kabeba mayai mdomoni, kayafunga kwa nyuzi chache. Anakaa nayo hivyo mpaka yaanguliwe.

MamaPacha: Kumbe naye mama! Na mbu anakula?

Mwandishi: Anakula. Yule mwenye nundu, Crossopriza, amewahi kuchunguzwa Thailand kama mlaji wa mbu wa dengue. Ila chandarua usikivue.

fundi_kamera: Utando wake hautokei kwenye picha, nifanyeje?

Mwandishi: Chukua kinyunyizio cha saluni, maji kidogo, tena kwa mbali. Mulika tochi kutoka pembeni.

fundi_kamera: Mimi nilitumia wanga kwenye kitambaa, nikapiga piga. Umbo lote likatokea kama kuba la msikiti.

Mwandishi: Safi sana. Piga picha ya buibui kwanza, wanga baadaye, usije ukamfunika.

wa_Lushoto: Shikamoo mwalimu. Huku Usambara nimekuta mdogo sana, chini ya jani msituni, si nyumbani. Sijamgusa. Nimepiga uso kama ulivyosema, nahesabu macho sita: matatu huku, matatu kule. Smeringopus anayo mangapi?

Mwandishi: Marahaba mwanangu. Smeringopus anayo manane: mafungu mawili ya matatu, na mengine mawili madogo katikati. Wako huyo ana kila dalili ya Buitinga, jenasi ya Afrika Mashariki iliyopewa jina mwaka 2003, wakazi wa misitu ya milimani. Kuna spishi zinaitwa amani, mazumbai, kadogo, safura, hata tingatingai. Nitumie picha ya ubavu pamoja na mwinuko, hata usiku. Na kesho geuza majani ya jirani, hesabu wako wangapi.

mzee_wa_kazi: Spiriti hii ya hadwea inafaa?

Mwandishi: Ile ya zambarau inapaka sampuli rangi. Nenda duka la dawa, omba ya asilimia 70 isiyo na rangi. Na ukipita stationari, penseli.