Wheaten wa Ayalandi: mchane mpaka ngozi ionekane

Soft Coated Wheaten Terrier alikuwa mbwa wa wakulima wa Ayalandi: alichunga ng'ombe, alilinda nyumba na kuua panya ghalani. Alitambuliwa rasmi nchini humo Machi 17, 1937, siku ya Mtakatifu Patrick. Dume ana kimo cha sentimita 46 hadi 48 begani, na uzito wa kama kilo 18.

Manyoya yake laini ya rangi ya ngano iliyoiva ndiyo humponza. Hayana tabaka la chini wala hayapukutiki ovyo. Unywele uliokufa hunasa kati ya nywele hai, ukisuguliwa hujisokota kuwa fundo. Brashi peke yake hudanganya: juu panang'aa, chini pamegandamana kama mkeka.

Tumia kitana cha chuma chenye meno marefu. Mlaze ubavu, anzia chini ya mguu. Inua manyoya kwa kiganja, uachie safu nyembamba moja tu, uichane kutoka kwenye shina. Ukiuona mstari wa ngozi, shusha safu inayofuata. Kitana kikikwama usivute. Bana shina la fundo kwa vidole ili ngozi isiumie, kisha lichambue kwa meno ya mwisho ya kitana, ukianzia nje na kuingia ndani taratibu. Mkasi uweke mbali: fundo huinua ngozi, na ngozi hiyo ndiyo utakayokata.

Kagua nyuma ya masikio, makwapani, kinenani, chini ya ukanda wa shingoni na ndevuni, ambako chakula hukaukia. Dakika 15 kila siku au kila baada ya siku moja zinatosha. Kabla ya kumwogesha, chana kwanza; fundo likilowa hukaza, na likikauka hivyo halifunguki tena.

Watoto huzaliwa weusi weusi au kahawia, rangi ikifunguka polepole hadi kama miaka miwili. Katika kipindi hicho cha kubadilisha manyoya mafundo huzidi, na wengi ndipo hukata tamaa wakamnyoa.

Kwa tabia, ni mchangamfu kupita kiasi. Mgeni akiingia tu, amerukiwa na kulambwa uso. Usimfokee wala kumsukuma kwa goti; kwake hiyo ni michezo, na ukali humfanya mkaidi. Mgeuzie mgongo, kunja mikono, nyamaza. Miguu yote minne ikitua chini, hapo hapo msifu kwa sauti ya chini. Mtu mmoja nyumbani akimruhusu kuruka, kazi imeharibika. Na asiachiwe kamba mahali pasipo uzio: akimwona sungura, hasikii jina lake.

Aina hii hurithi maradhi ya figo na ya utumbo yanayoufanya mwili upoteze protini, na dalili huchelewa kuonekana. Kabla ya kununua, dai vipimo vya wazazi. Kisha kila mwaka mwombe daktari wa mifugo apime albumini (aina ya protini) katika damu na uwiano wa protini kwa kreatinini (taka ya mwili inayotolewa na figo) katika mkojo. Kinga mkojo wa kwanza wa asubuhi, ukiacha matone ya mwanzo yapite, kwa upawa safi wenye mpini mrefu. Wheaten akiona mtu ameinama nyuma yake huacha kukojoa, ageuke kumlamba. Funika, weka kwenye friji, upeleke siku hiyo hiyo.