Jifunze unyumbufu wa mahitaji kwa debe la viazi: mwongozo kwa kidato cha tano na sita

Wanafunzi wa EGM, HGE na ECA (michepuo yenye somo la uchumi) ninaowafundisha tuisheni hapa Mbeya hukariri maana ya unyumbufu wa mahitaji, yaani kiasi kinachonunuliwa hubadilika kwa kiwango gani bei ikibadilika, vizuri kabisa, ila swali likija na namba wanakwama. Dawa ninayoiamini ni kushika bidhaa moja ya sokoni na kuikamua mpaka tone la mwisho. Mimi hutumia viazi mviringo: huku kwetu vipo kila kona na bei yake haitulii.

Hatua ya 1: Andika bei

Kila Jumamosi pita Mwanjelwa, au soko lolote lililo karibu nawe. Ulizia bei ya debe au kilo, achana na ya gunia. Gunia la lumbesa na gunia la kawaida si mzigo mmoja. Ukizichanganya bei zake, daftari lako limeharibika. Na muuzaji hana deni la kukujibu, kwa hiyo anza kwa adabu: "Shikamoo mama. Debe leo linaendaje?" Andika na sababu atakayokutajia: mvua, barabara mbovu, mzigo umejaa, vyuo vimefunguliwa. Safu ya sababu ina faida kuliko hata ya bei, utaona hatua ya 3.

Hatua ya 2: Kokotoa

Tuseme msimu wa mavuno debe limeshuka kutoka shilingi 16,000 hadi 12,000, na mauzo ya siku yamepanda kutoka madebe 200 hadi 220. Bei imeshuka kwa asilimia 25, kiasi kimeongezeka kwa asilimia 10. Gawanya 10 kwa 25, unapata 0.4 (alama ya kutoa tunaiweka pembeni). Ni chini ya 1, basi mahitaji hayanyumbuki sana. Ukitumia kanuni ya wastani (kila badiliko unaligawanya kwa wastani wa namba ya mwanzo na ya mwisho) utapata 0.33, kwa hiyo andika ni kanuni ipi umetumia.

Usiishie hapo. Zidisha: 16,000 mara 200 ni 3,200,000; 12,000 mara 220 ni 2,640,000. Madebe mengi zaidi yameuzwa, lakini mapato yamepungua kwa 560,000. Ndiyo maana mkulima hulia mwaka wa mavuno mazuri, na mtahini anapenda sana kuuliza kwa nini.

Hatua ya 3: Chora

Bei kwenye mhimili wima, kiasi kwenye mlalo. Watu wa hesabu hupenda kugeuza, msigeuze.

Hapa ndipo alama nyingi hupotea. Mzigo ukijaa sokoni, mstari wa ugavi (kiasi ambacho wauzaji wako tayari kuuza kwa kila bei) ndio unaohama kwenda kulia. Mstari wa mahitaji haujaguswa. Wanunuzi wameteremka tu kwenye mstari huohuo hadi bei mpya. Ukiandika "mahitaji yameongezeka" umekosea, sema kiasi kinachohitajika kimeongezeka. Vyuo vikifunguliwa na mabanda ya chipsi yakaanza kununua madebe zaidi kwa bei ileile, hapo sasa mstari wa mahitaji wenyewe umehama kulia. Ndizi za Tukuyu zikishuka bei, baadhi ya watu wataacha viazi, nao utahama kushoto. Rudi kwenye safu yako ya sababu, na mbele ya kila moja andika: mstari gani, upande gani.

Hatua ya 4: Andika jibu

Mtihani wa uchumi unaandikwa kwa Kiingereza, kwa hiyo elewa kwa Kiswahili, kisha andika aya moja ya Kiingereza kila wiki ukieleza bei iliyobadilika. Mchoro usio na majina kwenye mihimili usiuhesabu kama mchoro.

Hatua ya 5: Badilisha bidhaa

Chukua mchele wa Mbarali au Kyela. Viazi huoza, hivyo mwenye navyo huuza hata bei ikiwa mbaya. Mpunga unakaa ghalani, na mwenye nao anaweza kusubiri bei ipande. Linganisha daftari zako mbili na utakuwa umeshaingia kwenye mada inayofuata, unyumbufu wa ugavi.