Jinsi ya Kuomba Mafunzo ya Kutambua Kemikali kwa Kikosi cha Uokoaji Malindi

Vikundi vya uokoaji vikiandikia kaunti, aghalabu huanza na mavazi: barakoa, buti, glavu, mitungi ya hewa. Barua ya namna hiyo hukaa mezani. Mavazi ni ghali, na hayamfai mtu asiyejua anakabiliana na nini, kwani glavu inayohimili petroli huenda isihimili asetoni. Ombeni kwanza mafunzo ya kutafuta taarifa. Kikosi kijifunze kusimama mbali, kusoma alama, kisha kusema ndani ya dakika chache kilichomwagika ni kitu gani na watu wasogezwe umbali gani. Mafunzo hayo hayana gharama kubwa, na ndiyo yanayokosekana.

Mjulikane kwanza

Kwa mujibu wa Katiba ya 2010, huduma za zimamoto na majanga ni kazi ya kaunti. Wa Malindi wataandikia Kaunti ya Kilifi, na wenzetu wa Lamu kaunti yao. Askari wa zimamoto au muuguzi hupitia kwa mkubwa wake wa kazi. Kikundi cha kujitolea, kiwe cha vijana wa ufuo au cha bodaboda, kiwe na cheti. Sheria ya Usajili wa Vikundi vya Kijamii ya 2022 inataka wanachama wasiopungua 10. Nendeni afisi ya maendeleo ya jamii na kumbukumbu za mkutano, katiba ya kikundi, na orodha ya wanachama yenye namba za vitambulisho.

Barua ya kwanza: kuomba taarifa

Hapa ndipo pa kutumia muda wenu. Ombi la mafunzo lisilotaja hata kemikali moja ya mtaani kwenu ni rahisi kukataliwa.

Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016 inampa kila raia wa Kenya haki ya kuomba taarifa kwa taasisi ya umma, kwa maandishi, na Kiswahili kinakubalika kisheria. Kuwasilisha ombi hakulipiwi. Mnaweza kutozwa gharama ya kutoa nakala tu. Iandikieni kaunti mkiuliza ni majengo gani katika wadi yenu yana kibali cha kuhifadhi petroli, gesi, klorini au dawa za kuulia wadudu, na kwa kiasi gani. Jibu linatakiwa ndani ya siku 21. Wakinyamaza, sheria inahesabu kuwa wamekataa, nanyi mnaweza kupeleka malalamiko kwa Tume ya Haki ya Utawala, ile ya Ombudsman, ndani ya siku 30.

Wakati mnasubiri, zungukeni wenyewe. Anzeni na hoteli. Bwawa la kuogelea hutiwa klorini ya unga, na asidi ya kusawazisha maji. Mara nyingi vyote viwili huwekwa stoo moja, na vikichanganyika hutoa gesi ya klorini, ambayo ni nzito kuliko hewa na hutambaa chini chini kuelekea mabondeni. Pitieni pia vituo vya mafuta, maduka ya mitungi ya gesi, maduka ya pembejeo za kilimo, na vyumba vya barafu vya samaki ambavyo huenda vinatumia amonia. Msisahau barabara: malori ya mafuta yanayotoka Mombasa kwenda Garsen hupita hapa hapa.

Mameneja huogopa ukaguzi. Waambieni mapema kwamba hamkuja kukagua, kisha ombeni karatasi ya taarifa za usalama ya kila kemikali, ile iitwayo SDS. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya 2007 inataka karatasi hizo ziwepo. Zina sehemu 16. Nakilini ya 2 kuhusu hatari, ya 4 huduma ya kwanza, ya 5 moto, ya 6 umwagikaji, na ya 14 usafirishaji, ambako hupatikana namba ya UN, yaani namba ya Umoja wa Mataifa yenye tarakimu nne inayotambulisha kemikali. Orodha yenu itaonekana hivi: petroli 1203, gesi ya kupikia 1075, klorini 1017, hipokloriti ya kalisi kavu 1748, asidi hidrokloriki 1789.

Barua ya pili: ombi lenyewe

Ukurasa mmoja unatosha, orodha mtaiambatisha. Mfano:

*Kwa: Afisa Mkuu, Idara inayosimamia Zimamoto, Serikali ya Kaunti ya Kilifi*
*Kupitia kwa: Msimamizi wa Kaunti Ndogo ya Malindi*
*MINT: MAFUNZO YA KUTAMBUA KEMIKALI KATIKA AJALI*
*Tunaomba mafunzo kwa watu 20, wakiwemo askari wa zimamoto, wahudumu wa ambulensi na wanachama wetu. Orodha ya kemikali zilizopo katika wadi yetu imeambatishwa. Mwisho wa mafunzo kila mshiriki aweze kuanza na namba ya UN, kutaja hatari kuu, umbali wa kuwatenga watu, na huduma ya kwanza. Tunaomba mafunzo yaendeshwe kwa Kiswahili.*

Ambatisheni cheti, orodha ya washiriki, na barua ya msimamizi wa wadi ya kuwaunga mkono. Pelekeni nakala mbili. Moja ipigwe mhuri wa kupokewa na mrudi nayo. Barua isiyo na mhuri haina pa kufuatiliwa.

Angalieni kalenda ya fedha. Mwaka wa serikali huanza 1 Julai, lakini mpango wa maendeleo wa kaunti hufika kwenye bunge la kaunti kufikia 1 Septemba, na makadirio ya bajeti kufikia 30 Aprili. Ombi la mwezi Mei huwa limechelewa. Lenu lifike kabla ya Agosti kwisha, kisha mlitaje tena kwenye vikao vya wananchi kuhusu bajeti.

Hoteli au kiwanda cha chumvi cha Gongoni kikitaka kufunza wafanyakazi wake kina njia nyingine. Waajiri huchangia NITA, mamlaka ya taifa ya mafunzo ya viwanda, shilingi 50 kwa kila mfanyakazi kila mwezi, na wanaweza kudai kurudishiwa gharama za mafunzo. Sharti mkufunzi awe amesajiliwa na NITA, na idhini iombwe kabla ya mafunzo kuanza.

Mkikubaliwa, kagueni ratiba

Mkufunzi atakayeleta slaidi za milipuko siku nzima mkataeni kwa adabu. Mnachohitaji ni mazoezi ya kutafuta. Afunze kitabu cha ERG, yaani mwongozo wa kukabili ajali za kemikali, toleo la 2024, ambacho hupakuliwa bure: kurasa za njano hupangwa kwa namba, za buluu kwa jina, za chungwa hutoa maelekezo, za kijani umbali kwa gesi za sumu. Petroli itawapeleka mwongozo 128, gesi ya kupikia 115. Tangi la petroli likishika moto, watu watengwe mita 800. La gesi, mita 1,600. Afunze pia programu ya CAMEO Chemicals, ya bure na inayofanya kazi bila intaneti. Hiyo huonyesha kemikali mbili zikikutana hufanya nini, kwa hiyo ijaribuni na zile za stoo ya bwawa. Ratiba ikiwa bado inataja WISER, programu nyingine ya kutambua kemikali, imepitwa na wakati: Maktaba ya Taifa ya Tiba ya Marekani iliiondoa Februari 2023.

Kibao cha rangi ya chungwa cha lori nacho kisomwe kwa darubini. Namba ya chini ni ya UN. Ya juu ni ya hatari, na ikitanguliwa na X maji ni hatari kwa mzigo huo. Askari wa zimamoto asiyejua herufi hiyo ataelekeza bomba lake pabaya.

Somo la upepo mpeni mvuvi. Anajua kusi na kaskazi, anajua pia upepo wa nchi kavu wa usiku, na kikosi lazima kijue kisimame upande unakotoka upepo.

Mafunzo yakiisha, pelekeni nakala ya orodha ya kemikali kituo cha zimamoto na chumba cha dharura cha hospitali. Irekebisheni kila hoteli inapobadilisha muuzaji wa dawa za bwawa.