Malaika Muasi: Jinsi ya Kumjenga Mhusika Ambaye Sifa na Kasoro Zake Zina Mzizi Mmoja

Nimewahi kuandika malaika walioasi katika hadithi tatu, na wa kwanza alikuwa ovyo kabisa. Nilichukua karatasi, nikapiga mstari katikati. Upande mmoja nikaorodhesha sifa: jasiri, mwerevu, msemaji, mzuri wa sura. Upande wa pili kasoro: kiburi, husuda, hasira, uongo. Nikajiona nimemaliza kazi. Rafiki aliyenisomea rasimu alinirudishia na maneno machache tu: "Hawa ni watu wawili wanaoazimana kanzu." Alisema kweli. Sura ya tatu malaika wangu alikuwa shujaa, ya nne akawa katili, na hapakuwa na kilichomtoa huku kumpeleka kule.

Haya ninayoeleza ni namna ninavyofanya siku hizi. Shika kalamu, maana karibu kila hatua ina kitu cha kuandika.

Hatua ya 1: Amua aliangukaje

Kusema "aliasi" hakutoshi. Mapokeo yana maanguko ya namna kadhaa, na kila moja huzaa tabia yake.

Kuna anguko la kukataa. Katika Qur'ani Iblis anaamriwa amsujudie Adam, anagoma, na hoja yake ni asili: yeye kaumbwa kwa moto, mwenzake kwa udongo. Kuna anguko la tamaa. Kitabu cha Henoko, ambacho Kanisa la Orthodox la Ethiopia hukihesabu ndani ya Biblia yake, kinasimulia malaika 200 walioshuka juu ya Mlima Hermoni kwa kuwatamani binti za wanadamu. Kuna la vita: Ufunuo sura ya 12, Mikaeli na malaika zake wanapigana na yule joka hadi anatupwa chini. Na kuna la kujikweza, lile la nyota ya alfajiri katika Isaya 14, maneno yaliyoelekezwa kwa mfalme wa Babeli ambayo wasomaji wa baadaye waliyasoma kama habari ya malaika.

Aliyekataa ana msimamo na hadhi. Ukimgusa heshima umemgusa roho. Aliyetamani anaongozwa na moyo, na huenda hata hajioni kuwa ameasi. Aliyepigana ni jemadari, huhesabu watu kwa faida yao vitani. Ukiwachanganya wote ndani ya mhusika mmoja utapata uji.

Hapa kuna mtego ambao wasomaji wetu hawatakusamehe. Katika itikadi ya Kiislamu malaika hawamuasi Mungu (sura ya 66, aya ya 6), na Iblis anatajwa wazi kuwa alikuwa katika majini (18:50). Kwa hiyo ikiwa hadithi yako imesimama upande huo, mhusika wako ni jini, si malaika, na tabia zake zibadilike kufuatana na hilo: moto, hiari, uzao. Ikiwa umeunda ulimwengu wako mwenyewe, weka sheria zake mapema.

Andika sentensi moja yenye kitenzi kimoja: "Alianguka kwa sababu ali..." Ukihitaji vitenzi vitatu, bado hujaamua.

Hatua ya 2: Mpe kazi aliyokuwa akiifanya kabla

Wengi huruka hatua hii. Wanamleta malaika akiwa tayari ana mbawa nyeusi na uso wa kununa. Lakini tabia hujengwa na kazi. Alikuwa mlinzi wa lango? Basi hata leo hukaa akitazama mlango. Alikuwa mwimbaji? Ukimya unamtesa.

Nitatumia mfano mmoja hadi mwisho. Mhusika wangu wa tatu, Zuhaeli, alikuwa mshika mizani. Kazi yake ilikuwa kupima matendo ya watu na kutaja uzito, basi. Hukumu haikuwa yake. Siku moja alitaja uzito, akasikia msamaha ukitolewa kwa mtu ambaye mizani ilimlemea vibaya. Hakuweza kukaa na jambo hilo. Alianguka kwa sababu alipinga rehema.

Hatua ya 3: Tafuta mzizi

Mzizi ni kitu kimoja ambacho mhusika hawezi kukiacha hata kikimuua. Kwa Zuhaeli ni hiki: hawezi kuvumilia kisicholingana. Usiandike "haki," ni neno kubwa mno na kila mtu hudai analo. Andika kitu kinachoweza kuonekana kwa macho. Zuhaeli akiingia chumbani hunyoosha mkeka uliopinda.

Kutoka hapo orodhesha sifa njema tu, tano au sita, zinazochipuka kwenye mzizi huo. Hapokei hongo. Hasahau. Tajiri na fukara huwasemesha kwa sauti ileile. Akiahidi, ameahidi. Hadanganyi, kwa sababu uongo ni uzito wa bandia. Kasoro usiziandike bado.

Kumbuka pia kwamba anguko halimnyang'anyi vipaji. Aliyekuwa fasaha hubaki fasaha, na elimu haifutiki. Kinachopotea ni mahali pa kuvitumia. Ndiyo maana mwasi mzuri huwa na harufu ya fundi stadi aliyefukuzwa kazi akabaki na zana zake.

Hatua ya 4: Pindua kila sifa

Hii ndiyo hatua yenyewe, na usiharakishe. Chukua sifa moja moja ujiulize: ikikosa wa kuiambia "basi, yatosha," itafika wapi?

Zuhaeli hasahau, kwa hiyo hasamehi. Sikuongeza kitu, kumbukumbu ileile imenyimwa mlango wa kutokea. Huwatendea wote sawa, kwa hiyo hajui kupendelea, na asiyejua kupendelea hajui kupenda: mwanamke anayemhifadhi anapougua, humhudumia kwa kipimo kilekile ambacho angempimia mgeni. Hutimiza ahadi, kwa hiyo hukutimizia hata ile uliyomwomba aivunje. Kila wema aliotendewa huugeuza deni, naye hulala vibaya mpaka alilipe. Hapo unapata kiumbe wa kutisha ambaye hajafanya hila hata moja.

Sifa nyingine utakazokutana nazo kwa malaika waasi zipinduke hivi:

Ujasiri wa kumkabili mkubwa ni mzuri, ila mwasi huzoea kukabili. Akikosa mkubwa humtafuta, na mwenye kumshauri kwa upole naye huonekana ni mkubwa anayetaka kumtawala.

Ukarimu. Katika Kitabu cha Henoko, Azazeli, mmoja wa malaika wale walioshuka, anawafundisha watu kufua panga, visu na ngao, tena mapambo ya mwili na rangi za kujipaka machoni. Mimi namwona kama mwalimu asiyeuliza mwanafunzi ataifanyia nini elimu hiyo. Mkono wake mwepesi wa kutoa ndio huohuo ulioleta damu.

Uongozi. Kiongozi wa kundi hilo, Semyaza, kabla ya kushuka anaingiwa na hofu kwamba wenzake watarudi nyuma na adhabu imwangukie peke yake, ndipo wote wanakula kiapo. Tazama ustadi wake: anajua kuwafunga watu wawe kitu kimoja. Na tazama kinachomsukuma: woga. Kila unapomwonyesha mwasi wako akiunganisha watu, jiulize anaogopa kubaki peke yake mbele ya nani.

Ufasaha sitaueleza sana, unajipindua wenyewe. Anayeweza kumshawishi yeyote hatimaye hujishawishi, na hapo hana tena wa kumrekebisha.

Ukifika kwenye kasoro ambayo haina sifa iliyoizaa, ifute. Nilimpenda sana Zuhaeli mlevi wa rasimu ya kwanza, lakini ulevi wake ulitoka wapi? Haukutoka popote. Nikaufuta.

Hatua ya 5: Mwandikie lawama yake

Kosa lenyewe si kasoro kubwa. Kasoro kubwa ni vile anavyolisimulia.

Sura ya 7 ya Qur'ani ina darasa zima la uandishi wa wahusika. Iblis anakosea, Adam na mkewe wanakosea. Iblis anamwambia Mola wake kwamba kwa kuwa Wewe umenipoteza, basi nitawavizia wanadamu katika njia yako. Adam na mkewe wanasema tumejidhulumu nafsi zetu. Tofauti ya wahusika hawa imekaa kwenye nani ni mtenda wa sentensi. Malaika wako muasi hajui kuweka "mimi" mbele ya kitenzi cha kosa. "Nilifukuzwa." "Walinisukuma." "Ilinibidi."

Lakini lawama hiyo iwe na chembe ya kweli. Msomaji akiisoma, aseme moyoni: hapa ana hoja. Zuhaeli husema hivi: "Niliulizwa uzito nikasema kweli, kisha kweli yangu ikawekwa kando." Mimi mwenyewe nilipoiandika nilikaa kimya kidogo. Kama lawama ya mhusika wako haikutikisi hata wewe uliyeitunga, irudie.

Hatua ya 6: Msikilize akizungumza

Mwasi dhaifu hupiga kelele: "Mimi ni mkuu! Nitawaangamiza nyote!" Mwenye nguvu halisi huongea chini. Linganisha na hapa, Zuhaeli akiwa na kijana anayetaka kuondoka:

"Ulikula jana?"

"Nilikula."

"Nani alikupa?"

"Wewe."

"Basi keti. Sijamaliza kusema."

Ukarimu, kumbukumbu na deni, vyote ndani ya mistari mitano, na hakuna aliyetaja kiburi.

Jambo jingine dogo lenye utamu. Katika sura ya 38, Iblis anapoapa kuwapoteza wanadamu, anaapa kwa utukufu wa Mungu huyohuyo aliyemuasi. Hana kingine kikubwa cha kuapia. Mpe mwasi wako athari kama hiyo: neno la zamani linalomtoka bila kukusudia, wimbo anaoung'ong'ona akiwa amechoka, adabu ya mbinguni aliyoshindwa kuivua. Usiieleze, iache ipite tu. Atakayeiona ataiona.

Hatua ya 7: Mwili

Kwa ufupi, achana na mbawa nyeusi. Mwili ufuate tabia. Mshairi Mwingereza John Milton, katika utenzi wake Paradise Lost uliochapishwa mwaka 1667, anamshusha Shetani wake ngazi kwa ngazi: anakaa juu ya mti kama ndege mnandi, anachutama kama chura sikioni mwa Hawa aliyelala, mwisho anaingia ndani ya nyoka. Hatuambiwi "amezidi kuwa mbaya," ila tunamwona akikaribia ardhi. Zuhaeli wangu bega moja limeshuka, kama mtu aliyebeba upande mmoja wa kitu kizito kwa muda mrefu.

Hatua ya 8: Mweke kwenye majaribu

Kabla ya kuanza sura ya kwanza, andika maonyesho matatu ambayo hayataingia kitabuni. La kwanza, mtu anamdharau mbele za watu. La pili, anashinda alichokuwa akikipigania, na siku ya pili yake asubuhi imefika. Hili la pili huvunja wahusika wengi. Waasi wa karatasi hawana la kufanya wakishashinda, unawaona wamesimama tu.

La tatu ni gumu zaidi: mtu anamtendea wema asiostahili, bure, bila kudai chochote. Hapa mzizi hujitokeza wote. Mwenye majivuno ataukataa, mwenye tamaa atautaka tena, na jemadari atatafuta mtego uliofichwa ndani yake.

Zuhaeli alipewa maji na yule mwanamke mgonjwa, kikombe cha mwisho kilichokuwa ndani ya nyumba. Aliuliza ni deni la kiasi gani. Mwanamke akacheka, akasema, kunywa tu. Nilipanga onyesho hilo liwe la ukurasa mmoja, likawa sura nzima, na nikalihamishia kitabuni, kwa sababu Zuhaeli alianza kuzunguka akitafuta kitu chenye uzito wa maji yale na hakukipata. Aliporudi, mwanamke alikuwa amekwisha kufa. Kikombe kile anatembea nacho hadi ukurasa wa mwisho. Mara mbili nilijaribu kumfanya akiweke chini, na mara zote mbili sentensi ilikataa.